Kutoka Karimjee hadi Mtumba: Historia Fupi ya Mawaziri Wakuu Wetu

Mwalimu Julius Nyerere alikuwa na mazoea ya kuacha vyeo. Mwaka 1955 aliacha kazi ya ualimu Pugu, kwa kuwa alitakiwa achague kati ya chaki na siasa. Desemba 1957 aliacha kiti cha kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria, baada ya kukikalia miezi michache tu na kuona kwamba serikali ya kikoloni haina haja ya kumsikiliza. Basi alipokuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Tanganyika, Jumatatu ya Mei mosi 1961, waliomjua vizuri wangeweza kubashiri kwamba hatakaa sana. Hakuna aliyebashiri. Nami nimezeekea katika majalada ya serikali, nimesoma madokezo ya wakubwa wa kila namna, na bado naona fahari kwamba ofisi hii ilifunguliwa na mtu ambaye angeweza kuishi bila hiyo.

Lakini kabla ya Mei ile kulikuwa na Agosti 1960. Uchaguzi ulifanyika tarehe 30, kwa viti 71. Wagombea 58 wa TANU, chama cha Mwalimu, walipita bila kupingwa, na hesabu ilipokamilika TANU ilikuwa na viti 70. Kile kimoja kilikuwa cha Mbulu, ambako Herman Sarwatt alisimama kama mgombea binafsi dhidi ya mgombea aliyepitishwa na chama, akashinda. Naye Sarwatt alikuwa mwanachama wa TANU! Wazee wetu walipenda kuisimulia habari hii wakicheka, kwamba upinzani wote wa Tanganyika ulikuwa mtu mmoja na kadi yake ya TANU mfukoni. Siku chache baadaye Gavana, Sir Richard Turnbull, alimwita Mwalimu aunde serikali akiwa Waziri Kiongozi.

Turnbull mwenyewe anastahili neno la shukrani, ingawa si desturi kumshukuru gavana. Alifika mwaka 1958 akitokea Kenya, ambako alikuwa ameuona kwa macho yake moto wa hali ya hatari, na pengine kwa sababu hiyo hiyo hakutaka kuuona tena huku. Yeye na Mwalimu walielewana. Machi 1961 mkutano wa katiba ulifanyika hapa hapa Dar es Salaam, katika Ukumbi wa Karimjee. Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, alifunga safari kutoka London kuja kwetu, wakati nchi nyingine zilikuwa zikipeleka wajumbe kwake. Mambo yakaisha haraka kuliko ilivyotarajiwa: madaraka ya ndani Mei, uhuru kabla ya mwaka kwisha.

Machi hiyo hiyo Mwalimu alifanya jambo ambalo viongozi wa nchi zilizokwisha kuwa huru walikuwa wakilisitasitia. Aliandika katika gazeti la The Observer la Uingereza kwamba Tanganyika haitaingia katika Jumuiya ya Madola iwapo Afrika Kusini ya ubaguzi itaendelea kuwamo. Fikiria hali ilivyokuwa: nchi haijawa na bendera, wala haina balozi hata mmoja, nayo tayari inaweka masharti. Kabla ya Machi kwisha, Afrika Kusini ilikuwa imeondoa ombi lake la kubaki mwanachama. Sisemi kwamba makala moja ilifanya kazi yote hiyo. Nasema ilikuwamo.

Baraza la Mawaziri la mwaka 1961 lilikuwa na sura ambazo leo zingeshangaza. Fedha alipewa Sir Ernest Vasey, aliyewahi kuwa Meya wa Nairobi na Waziri wa Fedha wa Kenya. Derek Bryceson, Mzungu mkulima aliyekuwa rubani wa kivita, alikuwa na wizara yake. Amir Jamal, mzaliwa wa Mwanza, alikuwa na yake. Pamoja nao walikuwa Oscar Kambona, Paul Bomani wa vyama vya ushirika vya pamba kule Ziwa, George Kahama, Chifu Abdallah Fundikira wa Unyanyembe, na Rashidi Kawawa ambaye nitamrudia kwa urefu kwa sababu anastahili urefu. Watu wa rangi hizo zote walikaa meza moja, na mwenye kiti alikuwa mtoto wa Chifu Burito wa Butiama.

Si kila mtu Bungeni alifurahia mchanganyiko huo. Oktoba 1961 uliletwa Karimjee muswada wa uraia, na baadhi ya wabunge, tena wa TANU, walitaka uraia ufuate rangi ya ngozi. Mwalimu alisimama akiwa amekasirika, na wanaosoma Hansadi ya siku zile wataona jinsi maneno yake yalivyokuwa makali. Alisema wazi kwamba muswada ukianguka, yeye na serikali yake watajiuzulu. Ulipita. Mimi huwaambia vijana wanaoniuliza maana ya serikali inayowajibika kwa Bunge waanzie hapo: Waziri Mkuu aliweka kiti chake mezani, akawaachia wabunge waamue, wiki chache kabla ya uhuru wenyewe.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 taa za Uwanja wa Taifa zilizimwa, bendera ya Mwingereza ikashushwa gizani, na zilipowashwa tena ilikuwa ikipepea yetu, ya kijani, nyeusi na dhahabu. Mtawala wa Edinburgh alikuwapo kwa niaba ya Malkia. Kule juu Kilimanjaro, Luteni Alexander Nyirenda alikuwa na bendera na mwenge, kutimiza ahadi ambayo Mwalimu aliitoa katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1959. Mwenge huo tunaujua vizuri sana katika ofisi yetu ya Waziri Mkuu, maana mbio zake zimekuwa sehemu ya kazi zetu, na waliowahi kupanga safari zake wilaya kwa wilaya wanajua kwamba moto hauchoki ila mratibu huchoka.

Kikatiba, mwaka ule uliofuata ndio mwaka pekee ambao Waziri Mkuu wa nchi huru alikuwa mkuu wa serikali kwa maana kamili. Malkia alikuwa mkuu wa nchi, Turnbull akawa Gavana Mkuu anayemwakilisha, na madaraka ya kuendesha serikali yakawa kwa Waziri Mkuu anayetoka Bungeni na anayeweza kuondolewa na Bunge. Waliokuja baadaye wamekuwa na heshima kubwa na kazi nyingi, lakini serikali imekuwa na mkuu mwingine. Hilo tulikubali na tuendelee.

Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita na siku mbili baada ya uhuru, Mwalimu alijiuzulu.

Magazeti ya nje yaliandika kila aina ya uvumi: amepinduliwa, amesukumwa na vijana wenye msimamo mkali, amechoka. Mwenyewe alieleza kwamba chama kimebaki mahame. Viongozi wake wote wameingia serikalini, na wananchi waliopigania uhuru hawajui sasa wafanye nini. Akaondoka akaenda mikoani kukijenga upya, na katika miezi hiyo aliandika kijitabu chake juu ya ujamaa kama msingi wa maisha ya Mwafrika. Nimesikia wasomi wakisema kulikuwa na mivutano ndani ya chama ambayo ilimlazimisha. Huenda. Siasa haikosi mivutano. Lakini mtu anayelazimishwa hachagui mrithi wake, naye alimchagua.

Mrithi alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, umri wake miaka 35, mzaliwa wa Songea, mwanafunzi wa zamani wa Tabora. Kabla ya siasa alikuwa mtumishi wa Idara ya Maendeleo ya Jamii, idara iliyokuwa ikitengeneza filamu za kuwafunza wananchi, na humo akawa mchezaji wa sinema. Watu wa umri wetu wanamkumbuka katika Muhogo Mchungu. Hakuna Waziri Mkuu mwingine wa Tanzania aliyefahamika kwa sura katika majumba ya sinema kabla ya kufahamika katika uchaguzi, na naamini sauti ile na jinsi alivyojua kusimama mbele ya watu havikutoka hewani. Aliongoza chama cha watumishi Waafrika wa serikali, kisha mwaka 1955 akawa Katibu Mkuu wa kwanza wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi. Kwa hiyo alipokuja kukalia meza ya Waziri Mkuu alikuwa anaijua serikali kutoka upande wa karani na kutoka upande wa mgomaji.

Kazi aliyoifanya ndani ya miezi kumi na ushei ni nyingi kiasi kwamba mtu akisoma majalada ya mwaka 1962 anaweza kudhani ni ya miaka mitano. Wakuu wa majimbo wa kikoloni waliondolewa, mahali pao wakawekwa wakuu wa mikoa walio viongozi wa kisiasa. Vyeo vya serikali vilianza kushikwa na Waafrika kwa kasi ambayo iliwatia hofu wengi, na Vasey akaondoka, Bomani akachukua Fedha. Watu walijitolea kujenga barabara, shule na visima kwa mikono yao. Zilipitishwa pia sheria ngumu, ya kudhibiti migomo na ya kuweka watu kizuizini bila kesi, na wenzake wa zamani wa vyama vya wafanyakazi hawakumsamehe upesi. Siku zile nchi ilikuwa changa. Sheria ile ya kizuizini ilidumu muda mrefu kuliko uchanga wenyewe, na hilo waandishi wengine wamelieleza.

Jambo ninalotaka lisisahaulike ni hili. Mwaka huo huo serikali ya Kawawa ilichapisha mapendekezo ya Jamhuri, ikayafikisha Bungeni, na Novemba Bunge likakaa kama Bunge la Katiba na kuipitisha. Katiba ile ilimpa Rais madaraka ya mkuu wa nchi na ya mkuu wa serikali pamoja. Haikuwa na nafasi ya Waziri Mkuu. Yaani Kawawa aliandaa, akatetea na akapitisha katiba iliyofuta cheo chake mwenyewe. Katika uchaguzi wa Rais, Mwalimu alimshinda Zuberi Mtemvu wa chama cha Congress kwa kura nyingi mno, na tarehe 9 Desemba 1962 Tanganyika ikawa Jamhuri. Kawawa akafunga jalada, akawa Makamu wa Rais.

Visiwani nako kulikuwa na Mawaziri Wakuu, na haifai kuwasahau kwa kuwa sisi ni nchi moja. Mohamed Shamte aliongoza serikali iliyopokea uhuru wa Zanzibar Desemba 1963, chini ya Sultani Jamshid. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliiondoa. Abdallah Kassim Hanga akawa Waziri Mkuu wa Jamhuri ya Watu wa Zanzibar mpaka Muungano wa Aprili 26. Yaliyompata baadaye ni habari ya huzuni ambayo siku moja itapata mwandishi wake.

Huku Bara, kwa miaka tisa na ushei hatukuwa na Waziri Mkuu, lakini kazi ilikuwapo na mwenye kuifanya alikuwapo. Baada ya Muungano, Mzee Abeid Karume akawa Makamu wa Kwanza wa Rais na Kawawa Makamu wa Pili, na ndiye aliyeongoza shughuli za Serikali Bungeni. Januari 1967 aliagiza kwamba shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Leo mtu anaandika dokezo sabili bila kuwaza, anapeleka jalada masijala, anaandaa taarifa ya Kamati ya Bunge, yote kwa Kiswahili, na hajui kwamba kabla ya agizo lile karani aliyejua kazi yake lakini asiyejua Kiingereza vizuri alikuwa kama bubu ofisini. Kama ningeambiwa nichague agizo moja tu la Mzee Kawawa la kuwekwa ukutani, ningechagua hilo.

Tarehe 17 Februari 1972 cheo cha Waziri Mkuu kilirudishwa, na kikarudishwa kwa aliyekiacha. Ofisi ilizaliwa mara ya pili ikiwa na mwili mkubwa. Mwaka huo ulianza mpango wa Madaraka Mikoani: serikali za mitaa zilifutwa, wataalamu wakapelekwa mikoani na wilayani, na tawala zote hizo zikaripoti kwa Waziri Mkuu. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na Ofisi ya Waziri Mkuu ilikuwa miongoni mwa za kwanza kufungasha. Wakati wenzetu wa wizara nyingine walikuwa wakiendelea kupunga upepo wa bahari, sisi tulikuwa tukijifunza kula vumbi la Dodoma, na ukweli ni kwamba tulijivunia. Miaka hiyo ndiyo ya Siasa ni Kilimo, ya Mtu ni Afya, ya Kilimo cha Kufa na Kupona baada ya ukame na njaa, na ya operesheni za vijiji. Katika vijiji yalitokea mambo ambayo hayakuwa katika waraka wowote, na viongozi wenyewe walikuja kuyasema. Mzee Kawawa alizunguka nchi nzima akihimiza. Jina la Simba wa Vita alilipata kwa haki. Alipotoka Februari 1977 hakwenda shambani kupumzika. Alikwenda Wizara ya Ulinzi, na vita ya Kagera ikamkuta huko. Alifariki tarehe 31 Desemba 2009, akazikwa Madale, na waliohudhuria walikuwa wa vyama vyote.

Edward Moringe Sokoine alikuwa na miaka 38 alipopokea kijiti. Mmasai wa Monduli, mwanafunzi wa Umbwe, mbunge tangu 1965, Waziri wa Ulinzi kabla ya kuwa Waziri Mkuu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Kipindi chake cha kwanza kilimezwa na vita: Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na nchi iliyokuwa na malori machache na mafuta ya kuhesabu ililazimika kukusanya magari, chakula na watu kuupeleka mzigo wote ule kaskazini-magharibi mpaka Kampala ilipoanguka Aprili 1979. Jeshi lina historia yake. Upande wa raia wa vita ile, ule wa makatibu tarafa na maofisa ugavi waliokuwa wakitafuta magari usiku, haujaandikwa vya kutosha, na wengi wao wamekwisha kutangulia.

Novemba 1980 aliondoka kwa sababu za afya, akaenda Yugoslavia. Cleopa David Msuya wa Usangi, mtu wa Makerere na wa hesabu, alishika nafasi wakati mbaya kuliko zote: hazina tupu, mafuta ghali, sabuni na sukari kwa foleni. Msuya hakupendwa kama alivyostahili. Watu hawampendi anayewaambia hakuna.

Februari 1983 Sokoine alirudi. Kuanzia Machi ilikuja vita ya wahujumu uchumi, na kwa wiki kadhaa nchi ilikuwa na jambo moja tu la kuongea. Bidhaa zilizokuwa hazionekani madukani zikaonekana porini, vichochoroni na baharini, zimetupwa na wenyewe usiku kwa kuogopa msako. Wananchi walishangilia. Walikuwamo pia waliokamatwa bila makosa, na sheria iliyotungwa kwa haraka ilibidi irekebishwe. Mwaka huo huo wa 1983, kwa kuwa mabasi ya UDA yalikuwa yamepungua mno Dar es Salaam, serikali iliruhusu watu binafsi kubeba abiria. Nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu ambayo mitaani ilikwishaitwa dala, na hapo zikazaliwa daladala. Napenda kuwakumbusha wanaomchora Sokoine kama mtu wa kukamata tu kwamba ruhusa ile ilitoka katika serikali yake.

Alhamisi ya tarehe 12 Aprili 1984, akitoka Dodoma kurejea Dar es Salaam kwa barabara, msafara wake ulipata ajali Dakawa, Morogoro. Alifariki akiwa na miaka 45. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyelitangazia taifa redioni, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayelia. Yamesemwa mengi juu ya ajali ile na bado yanasemwa. Alizikwa Monduli Juu. Chuo kikuu cha kilimo kilichoanzishwa Morogoro mwaka huo kilipewa jina lake, na kwa mtu aliyezaliwa katika familia ya wafugaji naona halikukosewa.

Nafasi niliyopewa na wahariri inakwisha, na bado wako tisa. Nitawapitia kwa mwendo wa haraka, wanisamehe walio hai.

Salim Ahmed Salim, Aprili 1984 hadi Novemba 1985. Mzaliwa wa Pemba, na mpaka leo ndiye Waziri Mkuu pekee wa Muungano aliyetoka Zanzibar. Balozi akiwa na miaka 22, Rais wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1979. Kuwa Waziri Mkuu kulikuwa kituo kifupi katika safari ndefu iliyompeleka kuwa Katibu Mkuu wa OAU kuanzia 1989 hadi 2001. Ni katika wakati wake ambapo bajeti ya 1984, iliyosomwa na Msuya akiwa Fedha, ilianza kufungua milango ya biashara, na serikali za mitaa zikarudi.

Joseph Sinde Warioba, Novemba 1985 hadi Novemba 1990. Mwanasheria, mpole, msikivu. Alikuwa pia Makamu wa Kwanza wa Rais chini ya Mzee Ali Hassan Mwinyi. Taifa lilimrudia tena na tena baadaye: Tume ya Rushwa ya mwaka 1996, na Tume ya Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2012 ambayo rasimu yake ya muundo wa serikali tatu ilizua mjadala mkubwa.

John Samuel Malecela, Novemba 1990 hadi Desemba 1994. Mgogo wa Mvumi, mwanadiplomasia, Tingatinga. Aliipitisha serikali katika kipindi cha kurudi kwa vyama vingi mwaka 1992. Hoja ya kuanzisha Serikali ya Tanganyika, iliyoletwa na wabunge waliojulikana kama G55, ilileta msukosuko ambao Mwalimu aliuandikia kitabu kizima. Anayetaka undani akisome kitabu hicho, kinaitwa Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania. Hapa niseme tu kwamba Mzee Malecela aliendelea kuwa Makamu Mwenyekiti wa CCM na kuwa mbunge kwa miaka mingi.

Msuya tena, Desemba 1994 hadi Novemba 1995. Kawawa, Sokoine na yeye ndio watatu walioitwa mara mbili. Alifariki Mei 2025 akiwa na miaka 94.

Frederick Tluway Sumaye wa Hanang, Novemba 1995 hadi Desemba 2005. Miaka kumi na mwezi mmoja, kipindi kirefu kuliko cha yeyote. Ubinafsishaji, kufutwa kwa ada za shule za msingi mwaka 2001, misamaha ya madeni.

Edward Ngoyai Lowassa, Desemba 2005 hadi Februari 2008. Mwana wa pili wa Monduli kushika nafasi hii. Maji ya Ziwa Victoria kwenda Kahama na Shinyanga, ambayo aliyasimamia tangu akiwa Waziri wa Maji. Sekondari za kata, zilizojengwa kwa nguvu za wananchi, wakati mwingine majengo yakitangulia na walimu wakifuata baadaye sana. Alijiuzulu Bungeni tarehe 7 Februari 2008 baada ya taarifa ya kamati teule juu ya mkataba wa umeme wa Richmond. Mwaka 2015 yeye na Sumaye walikuwa upande wa pili wa uwanja wa siasa, kisha wakarudi nyumbani. Lowassa alifariki Februari 2024.

Mizengo Kayanza Peter Pinda, Februari 2008 hadi Novemba 2015. Mtoto wa Mkulima, mwanasheria aliyelelewa na utumishi wa Ikulu. Kilimo Kwanza. Katika siku zake Alhamisi ya maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu ilizoeleka Bungeni, na sisi wa nyuma ya pazia tukajua maana ya kukosa usingizi wa Jumatano. Januari 2009 machozi yalimtoka Bungeni alipokuwa akizungumzia mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Walimcheka wengine. Mimi sikucheka.

Kassim Majaliwa wa Ruangwa, mwalimu, Novemba 2015 hadi Novemba 2025. Jina lake lilifika kwa Spika ndani ya bahasha, nchi nzima ikisubiri, kama Katiba inavyotaka: Rais anateua ndani ya siku kumi na nne kutoka kwa wabunge wa majimbo, na Bunge linathibitisha kwa kura. Tangazo la Julai 2016 la serikali nzima kuhamia Dodoma lilipotoka, alikuwa wa kwanza kusema lini anahama, akahama. Ofisi zikaenda Mtumba, huko huko Dodoma. Alikuwa Waziri Mkuu Rais John Magufuli alipofariki Machi 2021, akaendelea na Rais Samia Suluhu Hassan. Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, ambazo zimekuwa zikitoka na kuingia kwetu tangu siku za Kawawa, zilikuwa zimerudi Ofisi ya Rais.

Mwigulu Nchemba aliapishwa Novemba 2025, baada ya uchaguzi wa Oktoba uliofuatiwa na misiba katika nyumba nyingi. Habari hiyo ni mbichi mno kwa kalamu ya mzee. Ni mtu wa kumi na mbili kushika cheo hiki, na kati ya wote hao ni Mwalimu peke yake aliyetoka humo akaja kuwa Rais.

Wahariri walitaka pia nitaje idara na wakurugenzi. Idara zimebadilika majina mara nyingi kiasi kwamba hata mabango ya milangoni yamechoka: uratibu, maafa, kazi na vijana, Bunge, uchaguzi, uchapaji wa serikali. Badala ya wakurugenzi, naomba shukrani ziende kwa Mpigachapa Mkuu wa Serikali na watu wake wanaochapa hotuba inayobadilishwa mpaka dakika ya mwisho, kwa makatibu muhtasi waliochapa kwa taipu nakala tano kwa karatasi za kaboni, kwa madereva wa barabara ya Morogoro, na kwa wahudumu wa masijala ambao bila wao hakuna hata tarehe moja katika karatasi hii ambayo ningeipata. Kila mwezi wa Aprili Bunge la Bajeti linapoanza, makadirio yanayojadiliwa kwanza ni ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Yaani wenzetu wa wizara nyingine wanapata wiki za ziada kujiandaa, na sisi hatujawahi kuzipata.